Aliyekata Waya wa Ethi

Kaka yangu alikufa amesimama, na sisi tulikuwa tunamsifu.

Naanzia hapo kwa sababu hapo ndipo watu wanapodanganya. Alikuwa peku, njuga za chuma miguuni, litungu lake la nyuzi nane kwapani upande wa kushoto. Fundi wa mashine, kule nyuma ya dirisha la kioo, akamwonyesha kwa kidole: vuta maikrofoni, sogeza mdomoni. Kaka akanyoosha mkono wa kulia akashika stendi ya chuma iliyobeba maikrofoni. Hakuiachia tena.

Mwili ulikakamaa. Mishipa ya shingo ikasimama kama kamba za kufungia ng'ombe. Macho yalitazama mbele, wazi, hayapepesi. Tulikuwa wanaume watano ndani ya kile chumba, wote wa kwetu, wa kupokea wimbo na kupiga makofi. Mmoja akapiga kelele, "Huyo ndiye mwanaume! Hapepesi!" Mwingine akapiga mluzi. Na mimi, mdogo wake wa tumbo moja, nikapaza sauti kuliko wote, "Simama, mwana wa mama! Usipepese!"

Tulisifu kwa muda wa kuimba ubeti mmoja mzima. Ubeti mmoja wa kwetu si mfupi.

Halafu litungu likaanguka. Lilianguka kifudifudi, nyuzi chini, na kaka hakulitazama. Mtu yule hakuwahi kuliweka litungu vile hata siku ya matanga ya baba yetu. Hapo ndipo nilijua. Nikamrukia, nikamshika bega nimvute, na mimi pia nikashikwa. Nakumbuka meno yangu tu, yalivyogongana peke yake kama ya mtu mwingine. Nilipopata fahamu nilikuwa nimelala juu ya magunia ya mahindi nje, kwenye kinu. Vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto havijakunjika tangu siku hiyo. Hivi ninavyoandika vimelala juu ya karatasi kama vijiti.

Sasa nitaeleza tulifikaje pale, na nitataja kila aliyetupeleka. Majina yao sitayaandika, kwa sababu karani mmoja alinionya kwamba jina likiandikwa, anayeshtakiwa ni mwandishi. Lakini kila mmoja wao akisoma atajijua, na majirani zake watamjua.

Kwetu ni upande wa Myanga. Shule ya misheni nilisoma miaka miwili, halafu baba akasema ng'ombe hawajui kusoma lakini wanajua kupotea, akanitoa. Kusoma nilikomalia kwenye Biblia, na Kiswahili nilikipata Kitale, kwanza shambani kwa mzungu upande wa Saboti, kuvunja mahindi, halafu kwa tajiri mmoja wa mjini mwenye kinu cha posho. Huyo tajiri alikuwa na duka mbele, la baiskeli na nguo na gramofoni, na kinu nyuma. Injini ya kinu ndiyo iliyotoa stima ya duka.

Vita vya Hitler vilikuwa vimekwisha juzijuzi. Vijana wetu walirudi na viatu na hadithi, na wengine walirudi na gramofoni. Tajiri akaona: hawa watu wananunua santuri za nyimbo wasizozielewa, je, wakipata za kwao? Akajenga chumba katikati ya duka na kinu. Kuta akazifunika blanketi na magunia ili sauti isirudi. Akaleta mashine mbili, moja ya kuchonga sauti kwenye sahani, na nyingine ya kukuza sauti inayotoka kwenye maikrofoni, ambayo sisi tuliiita ampulifaya. Kazi yangu ikawa kufagia, kubeba, kufungua mlango na kuufunga. Pia kukaripia kuku.

Sakafu alikuwa ameitia saruji. Ikamshinda. Mtu akiruka na njuga zake kwenye saruji ilikuwa kama sufuria zinamwagika. Wimbo mzima ulijaa sufuria. Mimi ndiye nilimwambia, "Tajiri, nyumbani kwetu sakafu ya udongo uliosiribwa haipigi kelele. Inameza."

"Inameza nini?"

"Sauti ya mguu. Inaacha ya mdomo."

Akacheka, lakini alikuwa mtu wa kusikia la maana. Saruji ikavunjwa, tukashindilia udongo, na kila asubuhi ya kurekodi nilisiriba kwa mavi ya ng'ombe, majivu na maji, kama mama alivyotufundisha, nikiinama kinyumenyume mpaka mlangoni. Sauti ikawa safi. Tajiri alinisifu mbele ya wageni wake, "Huyu hajasoma, lakini sakafu hii ni akili yake." Nilijisikia mtu.

Basi mkosaji wa kwanza ni mimi. Nililaza unyevu chini ya miguu ya kaka yangu kwa mikono yangu mwenyewe, kila asubuhi, na nilikuwa najivuna. Nimeanza na mimi ili nisiambiwe namwaga tope kwa wengine huku mimi nimekaa pakavu.

Lakini hata hiyo sakafu isingemuua mtu, kama waya wa ethi, ule wa kupeleka stima ardhini, ungekuwepo.

Aliyefunga zile mashine mara ya kwanza alikuwa mzee aliyekuja siku tatu na kuondoka. Huyo sina neno naye. Alipigilia chuma kirefu ardhini nje ya ukuta, chini ya dirisha, akafunga waya mnene kutoka kwenye ampulifaya mpaka kwenye hicho chuma. Akaniita. Alinieleza polepole, kama mtu anayemwachia mwenzake mtoto.

"Unaona hii? Huu ndio mlango wa kutokea. Stima ikipotea njia ndani ya mashine, itapita hapa iende ardhini, na fyuzi itakatika, mashine itazima. Ukiufunga mlango huu, itakaa ndani inangoja. Itangoja mtu aguse. Atakuwa mlango yeye."

"Na kiangazi, mzee?"

Alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Umeuliza la kufaa. Ardhi ikikauka haipokei. Umwagilie hapa kila asubuhi, debe moja."

Nikamwagilia. Wenzangu wa kinu walinifanya mchezo. "Ati wewe unapalilia chuma? Kitazaa lini?" "Kikizaa utuletee tukaange, bwana." "Mwacheni, huyo ameoa msumari." Mimi nilimwagilia tu. Mtu mwenye darasa mbili akipewa jambo moja la kujua, analishika sana.

Mwaka wa pili akaja fundi mwingine. Huyu ndiye ninayemtaja hasa. Mzungu, ametoka jeshini, kazi yake huko ilikuwa simu za upepo, zisizo na waya. Viatu vyake vilikuwa vya soli nene ya mpira, hakuvivua hata siku ya jua. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuamuru. Sitasema alikuwa mtu mbaya wa sura. Alikuwa mchangamfu, aligawa sigara.

Shida iliyomkuta ilikuwa mvumo. Santuri zilikuwa zinarudishwa. Ukisikiliza, nyuma ya sauti ya mwimbaji kulikuwa na kitu kinavuma, mmmm, kama nyuki ndani ya mzinga. Tajiri akawa hali vizuri. "Nani atanunua nyuki?" alikuwa akiuliza. "Nyuki mtu anafuga mwenyewe!"

Fundi akaleta meza yake ndogo, akafungua mashine, akatafuta siku mbili. Nilikuwa namshikia taa ya mkono, na alikuwa anasema akifanya, kwa hiyo nilisikia. Sababu aliipata, na ilikuwa ya kweli, simnyimi haki hiyo. Milango ya kutokea ilikuwa miwili. Mmoja ni ule waya wa kwenye chuma changu. Wa pili ulipita kwenye plagi, waya wa kijani, unaokwenda mpaka kwenye injini ya kinu na kuingia ardhini huko. Mashine yenye ethi mbili, stima kidogo inazunguka kati ya hizo mbili, na huko kuzunguka ndiko kunavuma. Dawa ni kubakisha moja. Hata mimi nilielewa.

Akafungua waya wa kwenye chuma, akaukunja, akautundika ukutani. Mvumo ukapungua nusu. Tajiri akasema, "Bado." Ilikuwa kweli bado, kwa sababu ethi iliyobaki ilitoka kwa injini, na injini ilileta uchafu wake wote. Kama angerudisha ule wa chuma na kutoa ule wa injini, leo ningekuwa na kaka. Lakini ilikuwa saa ya chakula cha mchana, na gari lilikuwa linamngoja. Akafungua plagi, akachukua koleo, akakata waya wa kijani. Kata, kunja, funga utepe mweusi.

Kukawa kimya. Kimya kama kanisani kabla ya padri kuingia. Tajiri alipiga makofi, "Shabash! Nyuki wamehama!"

Mimi nikasema, na taa bado mkononi, "Bwana, na mlango wa kutokea?"

"Mlango gani?"

"Wa stima. Ule wa nje umeutoa, huu umekata."

Akamtazama tajiri, wakacheka wote wawili. "Wewe naendelea na mavi yako ya ng'ombe," akasema. Halafu akamgeukia tajiri, wakasema kwa Kiingereza, na tajiri akanieleza baadaye kwa Kiswahili, ati atakuja kuweka vizuri mvua zikiisha. Kwa sasa tumalize nyimbo. Sikieni hilo neno. Mtu anayesema atakuja kuweka vizuri anajua hajaweka vizuri. Na tajiri aliyesema "tumalize nyimbo" alijua hivyohivyo. Hao ni wakosaji wa pili na wa tatu.

Nikaacha kumwagilia chuma. Hakikuwa na kazi tena.

Tangu hapo maikrofoni ikaanza kutekenya. Wa kwanza kuisikia alikuwa mama mmoja mjane kutoka Saboti, mwimbaji wa kanisa, aliyekuja na wenzake wanne. Aligusa ile stendi, akaachia kama ameshika upupu. "Yesu! Chuma hiki kina mdudu!"

Fundi akatoka kwenye chumba chake cha kioo akicheka. "Mama, hapana ogopa. Hii mashine iko naonja sauti tu. Ikionja sauti nzuri inatekenya."

"Ionje ya wengine," mama akasema. "Mimi siimbi na nyoka." Akachukua kanga yake akatoka, na wenzake wakamfuata. Tulimcheka wiki nzima. Tulimwigiza, kila mtu akishika jembe anaruka, "Yesu! Kina mdudu!" Yule mama yuko hai. Nasikia ana wajukuu, na bado anaimba.

Neno la fundi likasambaa mpaka Bungoma: mashine inaonja sauti, ikikutekenya ujue imekupenda. Na kwa wanaume wa kwetu halikuishia kwenye kutekenya. Hapa inabidi nieleze, maana asiye wa kwetu hataelewa kwa nini watu wazima walishika chuma kinachouma na hawakusema.

Kwetu kijana akipelekwa kutahiriwa, anapakwa tope la mtoni asubuhi, anasimama mbele ya watu wote, mikono juu, macho mbele. Hakuna anayetazama kisu. Wote wanatazama kope zake. Akipepesa, imekwisha, atazeeka nayo, ataolewa nayo dada yake, watoto wake watatukanwa nayo kisimani. Basi mtu aliyepita hapo, akiumwa na kitu mbele ya wenzake, mwili wenyewe unakumbuka. Hasemi "aa". Anatazama mbele.

Ndivyo ilivyokuwa kwenye ile stendi. Kikundi kikiingia, wa kwanza anashika, wenzake wanatazama kope. "Aha, huyu amekatwa kweli." "Wewe umepepesa! Rudi kwa mama yako akupe uji." Kulikuwa na kicheko kingi mle ndani. Fundi alikuwa anatazama kupitia kioo na alikuwa anacheka pia. Aliuona mchezo wetu na aliupenda, kwa sababu ulimwondolea malalamiko. Hakuna aliyelalamika. Kila mtu aliyeungua kidogo alikwenda nyumbani akijisifu.

Kaka yangu nilimwita mimi. Alikuwa mpigaji wa litungu anayejulikana Myanga yote, siku za soko na harusi za watu. Hakutaka kuja. Alisema wimbo ukiingia kwenye sahani, watu wataacha kumwita aje mwenyewe. Nilikwenda nyumbani nikakaa siku mbili nikimbembeleza. Mkewe alikuwa anapepeta wimbi mlangoni, mtoto wao wa kiume amekaa ndani ya ungo mwingine.

"Shemeji," akaniuliza bila kuinua macho, "wewe unaijua hiyo mashine?"

"Naijua. Mimi ndiye ninayeitunza."

"Na hao wanaosema inauma?"

"Ni kutekenya tu, shemeji. Kama mchwa."

Hayo ni maneno yangu, na nilikuwa nimeona waya umekatwa.

Alikuja msimu wa mvua ndefu. Paa la chumba lilikuwa linavuja pembeni, na ampulifaya tuliifunika gunia usiku. Asubuhi ile gunia lilikuwa na unyevu. Nikaliondoa, nikaifuta mashine kwa kitambaa, nikasiriba sakafu. Ilikuwa bado mbichi walipoingia. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa fahali, wa pili ulikuwa uwe wa kumsifu baba mkwe. Nasisitiza hizo nyimbo mbili, mtaona kwa nini.

Baada ya wimbo wa kwanza kaka aliniita pembeni. Alikuwa anajifuta jasho la mkono kwenye suruali. "Mdogo wangu, chuma hiki kinauma mpaka kwenye meno."

Nilimwambia, "Si wewe ni mwanaume?"

Alicheka kidogo. "Haya bana." Akarudi.

Yaliyofuata nimeshayaeleza.

Sasa ya baada. Nilipoamka pale kwenye magunia, watu wote walikuwa upande wa duka, wamemzunguka kaka aliyelazwa barazani, jambo nililolijua baadaye. Mimi miguu ilikuwa bado si yangu. Nikatambaa ukutani kumtafuta kaka mle ndani, kwa sababu nilidhani bado amesimama. Mlango ulikuwa wazi nusu. Nikaona fundi amepiga magoti kwenye sakafu yangu, plagi imefunguliwa, koleo mkononi, anaunga waya wa kijani. Alikuwa ameshika bisibisi mdomoni. Akamaliza, akafunga plagi. Akainuka akachukua waya wa nje uliotundikwa ukutani, akapitisha mkono dirishani, akaufunga kwenye chuma. Nyaya zote mbili. Zote mbili, msomaji, vile vile zilivyokuwa zinavuma!

Alipogeuka aliniona. Tulitazamana. Alinipita mlangoni kwa vile viatu vyake vya mpira.

Bwana shauri, mzungu wa serikali anayeamua kesi, akaja kesho yake na askari wawili na karani. Akafunguliwa plagi, akatazama. Waya upo. Akaonyeshwa nje. Upo. Daktari wa hospitali akaandika kwamba moyo wa marehemu ulikuwa dhaifu. Moyo upi? Mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Myanga mpaka Bungoma kupanda garimoshi, litungu mgongoni? Daktari hakumpasua. Alimtazama akiwa amefunikwa shuka, mimi nilikuwepo, akauliza umri wake, akaandika. Huyo ni wa nne.

Fundi alisema mtu huyu alikuja amelewa busaa, alinuka, akaanguka na mashine. Tajiri alisema alikuwa dukani, hakuona. Nikainua mkono, ule mzima. Karani akanikubalia kusema.

Nikasema waya ulikuwa umekatwa, na nilimwona akiuunga.

Bwana shauri akauliza, karani akatafsiri, "Umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La pili."

"Basi waya wa stima unaujuaje?"

"Mimi ndiye niliyekuwa naumwagilia maji."

Walicheka. Hata askari mmoja, mtu wa kwetu, alicheka, akajificha na kofia. Karani hakuliandika hilo jibu. Niliona kalamu yake, ilikuwa imelala mezani. Naye simsahau.

Tajiri alitoa gari la kumpeleka nyumbani, na blanketi, na gunia la sukari. Nilipanda nyuma pamoja na kaka. Watu wa Myanga walitukuta barabarani, na kabla hatujashusha jeneza nikasikia neno ambalo limekaa kwetu mpaka leo. Wafanyakazi wa kinu walikuwa wametangulia kulileta. Walikuwa nje ya ukuta siku ile. Nyimbo hawakuzisikia vizuri, kwa ajili ya magunia na blanketi, lakini walisikia kelele zetu: Simama! Usipepese! Basi wakasema kaka alikuwa anaimba wimbo wa tohara, nje ya msimu wake, mwaka usio wake, tena kwa kuutia kwenye mashine ya kuuza. Wazee waliposikia hivyo walisema amevunja mwiko. Wimbo ule una mwenyewe; hauimbwi ovyo. Kwao kifo kikawa kimeeleweka.

Niliapa mbele yao. Niliwaambia nyimbo zilikuwa ya fahali na ya baba mkwe, na kelele zilikuwa zetu, si zake. Mzee mmoja akaniambia kwa huruma, "Mwanangu, wewe uliguswa na kitu hicho hicho. Usikitetee."

Walimzika upesi. Hakuna aliyepiga litungu kwenye kilio chake, mtu ambaye alipiga kwenye vilio vya wote.

Hivyo kaka ana vifo vitatu. Serikalini amekufa kwa moyo. Kwa fundi amekufa kwa pombe. Nyumbani amekufa kwa laana. Cha kweli ninacho mimi peke yangu, na mimi nina darasa mbili na vidole vitatu.

Miaka imepita. Nimerudi shambani, kwa sababu kinu hakitaki mkono kama wangu. Ningeweza kunyamaza. Mkewe kaka ameninyamazia miaka yote, hajawahi kunitupia lile neno la mchwa, na kunyamaza kwake nakusikia kila siku. Lakini yule mtoto wa kwenye ungo sasa ni kijana. Agosti hii anataka kuingia tohara na wenzake. Ameshatafuta njuga zake za mikononi. Ametembea kwa wajomba kualika. Na wazee wametuma mtu kusema hatasimama na wengine mpaka atakaswe, kwa sababu ya baba yake kuuza wimbo. Na akitakaswa, ni kusema mbele ya watu wote kwamba baba yake aliuuza. Vijana wenzake wanamwita "wa sahani". Juzi alinijia shambani, akakaa kwenye tuta, akaniuliza, "Baba mdogo, baba alipepesa?"

Nikamwambia hakupepesa.

"Basi walisema kwa nini?"

Kwa hiyo naandika, na nimemwomba mwalimu wa shule anisaidie herufi pale mkono ulipochoka. Nakala moja inakwenda kwa tajiri, ambaye amemwachia mwanawe duka lakini bado anakaa Kitale. Nyingine inakwenda kwa yule aliyekuwa bwana fundi. Nimeambiwa ana shamba na mkewe, kwenye barabara ya kwenda mlimani, na watu wanampelekea redio zao zilizoharibika.

Wewe, tajiri: ulisema uko dukani. Dirisha la duka lako linatazama mlango wa chumba. Ulimwona akiingia na koleo baada ya mtu kufa. Sema ulichoona.

Na wewe, fundi. Sitaki sukari, sitaki blanketi, na sikuiti mahakamani, mahakama yenu nimeiona. Nataka uje Myanga kabla ya Agosti. Utapewa kiti. Wazee watakaa, kijana atakaa, na mimi nitatafsiri hata kile Kiswahili chako. Ukishindwa kuja, andika kwa mkono wako, utie sahihi, nitayasoma maneno yako barazani mimi mwenyewe. Swali ni moja, nalo halihitaji darasa. Nilipokuuliza juu ya ule waya ulicheka, ukaniambia niendelee na mavi yangu ya ng'ombe. Kaka yangu alikuwa barazani bado ana joto. Kama waya haukuwa na kazi, kwa nini uliacha maiti ukakimbilia kuuunga?

Jibu.